Hukumu za Zamani na Kesi za Kupatikana na Dawa za Kulevya Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu sheria za Marekani. Umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi huko, pamoja na ndugu zao walioko nyumbani ambao hujikuta wakichangishana fedha za wakili bila kuelewa ni kwa nini kesi ya gramu chache imekuwa nzito kiasi hicho. Maelezo haya hayachukui nafasi ya wakili; yanamsaidia mtu kumuuliza wakili wake maswali yanayofaa.

## Mambo ya msingi

Je, ni kweli kwamba hukumu ya zamani huongeza adhabu ya kesi mpya ya kupatikana na dawa za kulevya?

Mara nyingi ni kweli, ila huongeza kwa njia tatu ambazo watu huzichanganya. Njia ya kwanza ni sheria yenyewe kupandisha kiwango cha chini au cha juu cha kifungo kwa mtu aliyewahi kutiwa hatiani. Ya pili ni kosa jipya kubadilishwa daraja, kwa maana kwamba kitendo ambacho kwa mtu mwingine kingekuwa kosa dogo kinahesabiwa kuwa kosa kubwa la jinai. Ya tatu ni jaji kuzingatia historia ya mshtakiwa anapochagua adhabu ndani ya mipaka iliyowekwa na sheria, hata pale ambapo mipaka hiyo haijabadilika.

Kila njia ina masharti yake kuhusu hukumu ipi inahesabika na ipi haihesabiki. Ndiyo maana swali la “nina rekodi, nitafungwa miaka mingapi?” halijibiki mpaka yajulikane mambo manne: kesi iko katika mahakama gani, kosa la zamani lilikuwa lipi hasa, adhabu yake ya juu kisheria ilikuwa kiasi gani, na lilitendeka lini.

Kosa kubwa la jinai ni lipi? Mimi nilipewa kifungo cha nje tu.

Kwa kawaida, kosa kubwa ni lile ambalo sheria inaruhusu mtu afungwe zaidi ya mwaka 1. Kipimo ni adhabu ambayo mahakama ingeweza kuitoa, wala si ile iliyoitoa. Mtu aliyepewa kifungo cha nje kwa kosa ambalo adhabu yake ya juu ni miaka 5 ana hukumu ya kosa kubwa, hata kama hakulala rumande usiku mmoja.

Jina ambalo jimbo limelipa kosa nalo linaweza kupotosha. Katika kesi ya Burgess dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2008, mshtakiwa alikuwa na hukumu ya kupatikana na kokeini katika jimbo la South Carolina. Jimbo lenyewe liliita kosa hilo dogo, lakini adhabu yake ya juu ilikuwa miaka 2. Mahakama ilisema kwamba kwa sheria ya dawa ya shirikisho hilo ni kosa kubwa. Kwa hiyo mtu asiseme “langu lilikuwa dogo” kabla ya kusoma kifungu cha sheria alichoshtakiwa nacho.

Kesi yangu itasikilizwa katika mahakama ya jimbo au ya shirikisho?

Kesi nyingi za kupatikana na dawa kwa matumizi binafsi huishia katika mahakama za majimbo. Zile za shirikisho hutokea zaidi mipakani, katika viwanja vya ndege, kwenye hifadhi za taifa na maeneo mengine ya serikali kuu, au pale ambapo kiasi cha dawa kinaashiria biashara. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu kila jimbo lina kanuni zake kuhusu wakosaji wa kurudia.

## Sheria ya shirikisho

Adhabu ya kupatikana na dawa kwa matumizi binafsi huongezekaje?

Kifungu cha 844 cha sura ya 21 ya sheria za Marekani kina ngazi tatu. Mtu asiye na hukumu yoyote ya dawa anaweza kufungwa hadi mwaka 1, na faini yake haipungui dola 1,000. Mwenye hukumu 1 ya dawa hufungwa si chini ya siku 15 na si zaidi ya miaka 2, na faini yake huanzia dola 2,500. Mwenye hukumu 2 au zaidi hufungwa si chini ya siku 90 na si zaidi ya miaka 3, kwa faini inayoanzia dola 5,000. Jaji haruhusiwi kuahirisha wala kusimamisha vifungo hivyo vya chini.

Kuna mambo mawili hapa ambayo wengi hawayatazamii. Kwanza, hukumu ya zamani si lazima iwe ya kosa kubwa; kosa lolote la dawa, liwe la jimbo au la shirikisho, linatosha ilimradi hukumu yake imekuwa ya mwisho, yaani haisubiri tena rufaa. Pili, ngazi ya pili inavuka mwaka 1, na hivyo kosa jipya linageuka kuwa kubwa. Msokoto wa bangi na faini ndogo ya miaka ya nyuma vinaweza kuwa daraja la kumfikisha mtu hapo.

Kwa upande mwingine, asiye na hukumu ya dawa anaweza kunufaika na kifungu cha 3607 cha sura ya 18, ambacho kinamruhusu jaji kumweka chini ya uangalizi kwa muda usiozidi mwaka 1 bila kuandika hukumu, kisha kuifuta kesi akimaliza salama. Nafasi hiyo hutolewa mara moja tu.

Je, kama kosa langu la zamani halikuhusu dawa, mathalani wizi au kujeruhi?

Hukumu hiyo haipandishi ngazi za kifungu cha 844, lakini huhesabiwa katika Miongozo ya Adhabu ya shirikisho, yaani kanuni zinazompendekezea jaji muda wa kifungo kwa kutazama uzito wa kosa na historia ya mshtakiwa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Booker ya mwaka 2005 jaji halazimiki kuifuata miongozo hiyo, ila ni lazima aikokotoe na kuizingatia.

Tuchukue mtu aliyepatikana na heroini kidogo kwa matumizi yake. Kosa hilo lina uzito wa ngazi ya 8. Asiye na historia yoyote yuko katika kundi la I la historia ya jinai, lililo jepesi kuliko yote, na miongozo inampendekezea miezi 0 hadi 6. Mwenye historia ndefu ya makosa, aliye katika kundi la VI, anapendekezewa miezi 18 hadi 24 kwa heroini ileile. Hata hivyo, kama makosa yake yote ya zamani ni ya wizi na hakuna hata moja la dawa, sheria inamwekea kikomo cha mwaka 1, na miongozo haiwezi kuvuka kikomo cha sheria. Mtu huyo atapata miezi 12 kwa wingi wake. Akiwa na hukumu 1 tu ya dawa miongoni mwa zile za wizi, kikomo kinahamia miaka 2, na ile miezi 18 hadi 24 inakuwa jambo la kweli. Kwa maoni yangu, mfano huu unaonyesha kuliko maelezo yoyote kwa nini aina ya hukumu ina uzito kuliko idadi yake.

Kundi la historia ya jinai linapatikanaje?

Kila hukumu hupewa alama. Kifungo kilichozidi mwaka 1 na mwezi 1 kina alama 3. Kifungo cha siku 60 au zaidi kisichofika huko kina alama 2. Adhabu nyingine, zikiwamo nyingi za kifungo cha nje, zina alama 1, na hizi za alama 1 hazihesabiwi zaidi ya 4. Alama 0 au 1 humweka mtu katika kundi la I, na alama 13 au zaidi katika kundi la VI.

Muda nao una nafasi yake. Kwa ujumla, vifungo vya alama 3 hutazamwa ndani ya miaka 15, na adhabu nyingine ndani ya miaka 10. Kanuni hii ya muda ni ya miongozo peke yake. Kifungu cha 844 hakina ukomo wa miaka, na hukumu ya dawa ya miaka 20 iliyopita bado inaweza kupandisha ngazi.

Nimeshtakiwa kwa kupatikana na dawa kwa nia ya kuuza. Je, mambo ni yaleyale?

La, hapa mambo ni mazito mno. Kosa hilo liko chini ya kifungu cha 841, ambacho hutegemea kiasi. Kwa kilo 1 ya mchanganyiko wenye heroini, au gramu 400 za mchanganyiko wenye fentanili, kifungo cha chini ni miaka 10. Kwa gramu 100 za heroini au 40 za fentanili, ni miaka 5. Pale ambapo kiasi hakifiki huko, hakuna kiwango cha chini kwa kawaida, na cha juu ni miaka 20.

Hukumu za zamani hubadilisha tarakimu hizo. Miaka 10 inakuwa 15 kwa mwenye hukumu 1 inayohusika, na 25 kwa mwenye 2. Miaka 5 inakuwa 10. Kikomo cha miaka 20 kinakuwa 30. Kabla ya Desemba 2018 hali ilikuwa kali zaidi, kwani miaka 10 iliruka hadi 20, na mwenye hukumu 2 alifungwa maisha bila jaji kuwa na hiari. Sheria iitwayo First Step Act, iliyosainiwa tarehe 21 Desemba 2018, ilipunguza viwango hivyo, lakini mabadiliko haya hayakuwagusa waliokuwa wameshapewa adhabu.

Sheria hiyo ilibana pia aina ya hukumu zinazohesabika kwa viwango vya miaka 10 na 5. Sasa kosa la zamani la dawa ni lazima liwe la kutengeneza, kusambaza au kukaa na dawa kwa nia ya kusambaza, na lenye adhabu ya juu ya miaka 10 au zaidi. Mshtakiwa awe alilitumikia kifungo cha zaidi ya miezi 12, na awe alitoka ndani ya miaka 15 kabla ya kosa jipya kuanza. Makosa mazito ya ukatili yaliyotumikiwa zaidi ya miezi 12 nayo yaliongezwa. Kupatikana na dawa kwa matumizi binafsi hakumo tena, ila bado kumo katika kile kikomo cha miaka 20 kinachopanda hadi 30, mradi kosa hilo lilikuwa kubwa.

Je, ongezeko hili huja lenyewe?

Haliji lenyewe. Kifungu cha 851 kinamtaka mwendesha mashtaka awasilishe mahakamani taarifa ya maandishi inayozitaja hukumu anazozitegemea, na aiwasilishe kabla kesi haijaanza kusikilizwa au kabla mshtakiwa hajakiri. Asipofanya hivyo, ongezeko la kisheria haliwezi kutolewa, ingawa alama za miongozo zinabaki palepale.

Kwa sababu uamuzi wa kuwasilisha uko mikononi mwa mwendesha mashtaka, karatasi hiyo imekuwa silaha ya mazungumzo: ukikiri mapema haiwasilishwi, ukitaka kesi isikilizwe inawasilishwa. Mtu anaweza kuona kwamba huko ni kumlazimisha mshtakiwa kwa hofu, na mimi ni mmoja wa wanaoona hivyo, lakini mahakama zimekubali kwa muda mrefu kwamba majadiliano ya namna hii ni halali.

Kuna njia ya kukwepa kiwango cha chini cha lazima?

Njia inayotumika sana ni kifungu cha nafuu kilichomo katika kifungu cha 3553 cha sura ya 18. Mshtakiwa asiwe ametumia nguvu au silaha, asiwe kiongozi wa wengine, asiwe amesababisha kifo au jeraha kubwa, na aieleze serikali ukweli wote anaoujua kuhusu kosa hilo. Kuhusu historia, asiwe na alama zaidi ya 4 bila kuhesabu zile za hukumu za alama 1, asiwe na hukumu yoyote ya alama 3, wala ya alama 2 iliyohusu ukatili. Mwaka 2024, katika kesi ya Pulsifer, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kukosa hata sharti 1 kati ya hayo matatu ya historia kunamwondoa mtu. Kwa hiyo kifungo kimoja cha miezi 14 kilichomo ndani ya miaka 15 kinatosha kuufunga mlango.

## Majimbo

Texas inasemekana kuwa kali. Ni kweli?

Ni kweli kwa mwenye historia. Kupatikana na chini ya gramu 1 ya kokeini, heroini au methamfetamini ni kosa kubwa la daraja la chini kabisa, lenye kifungo cha siku 180 hadi miaka 2, na asiye na hukumu ya kosa kubwa kwa kawaida hupewa kifungo cha nje. Akiwa na hukumu 2 za daraja hilohilo, kosa jipya huadhibiwa kwa miaka 2 hadi 10. Hukumu 2 za makosa makubwa zaidi, zilizofuatana, hulipeleka kwenye miaka 2 hadi 20.

Kuanzia gramu 1 mambo hubadilika kabisa. Mwenye gramu 1 hadi 4 hukabiliwa na miaka 2 hadi 10. Akiwa na hukumu 1 ya kosa kubwa lisilo la lile daraja la chini, ni miaka 2 hadi 20. Akiwa na 2 zilizofuatana, ni miaka 25 hadi 99, au maisha. Ikumbukwe kwamba Texas hupima pamoja na kile kilichochanganywa humo, kwa hiyo unga wa kuongezea uzito unaweza kumvusha mtu gramu 1 hata kama dawa yenyewe ni kidogo sana.

Na California?

Mwaka 2014 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 47, lililofanya kupatikana na dawa kwa matumizi binafsi kuwa kosa dogo, isipokuwa kwa wenye hukumu fulani nzito kama mauaji au makosa ya kingono yanayohitaji kusajiliwa. Novemba 2024 walirudi nyuma kwa Pendekezo la 36. Sasa mtu anayepatikana na fentanili, heroini, kokeini au methamfetamini akiwa na hukumu 2 au zaidi za dawa anaweza kushtakiwa kwa kosa kubwa. Anapewa nafasi ya matibabu. Akiyamaliza, mashtaka hufutwa, na akishindwa anaweza kufungwa. California ilikuwa na Pendekezo jingine la 36 mwaka 2000 kuhusu matibabu, na jingine la 2012 lililolegeza sheria ya makosa matatu, yaani ile inayowaongezea kifungo wanaorudia makosa makubwa, kwa hiyo anayesoma habari za zamani aangalie mwaka.

Majimbo mengine je?

Yanatofautiana mno. Oregon iliondoa adhabu ya jinai kwa kiasi kidogo kuanzia Februari 2021, kisha ikairudisha Septemba 2024 kama kosa dogo. Uliza sheria ya tarehe ya kosa lako.

## Kuthibitisha na kupinga

Nani anaamua kwamba kweli nina hukumu ya zamani?

Kwa kawaida ni jaji. Uamuzi wa Apprendi wa mwaka 2000 unataka kila jambo linaloongeza kikomo cha adhabu liamuliwe na juri, yaani raia walioitwa kusikiliza kesi, isipokuwa kuwepo kwa hukumu ya awali. Mahakama ya Juu imeibana nafasi hiyo: mwaka 2024, katika kesi ya Erlinger iliyohusu silaha, ilisema kwamba swali la kama makosa ya zamani yalitendeka nyakati tofauti ni la juri. Katika majimbo utaratibu hutofautiana. Huko Texas, mathalani, mshtakiwa husomewa kila hukumu ya zamani na kutakiwa ajibu kama ni kweli au si kweli.

Naweza kuipinga hukumu yenyewe?

Kusema “huyu si mimi” au “kosa hili halimo katika aina inayotakiwa” kunaruhusiwa, na mara nyingi ndiko kunakozaa matunda. Kusema kwamba hukumu ya zamani ilitolewa isivyo halali ni kugumu zaidi. Kifungu cha 851 kinazuia kabisa kupinga uhalali wa hukumu iliyotolewa zaidi ya miaka 5 kabla ya ile taarifa ya mwendesha mashtaka. Jambo la kwanza la kufanya ni kupata nakala iliyothibitishwa ya hukumu kutoka kwa karani wa mahakama iliyoitoa, kwa sababu rekodi za polisi huwa na makosa ya majina na vifungu, na majina yetu huandikwa kwa tahajia nyingi.

Hukumu yangu ilifutwa, au nilisamehewa. Bado inahesabika?

Inategemea inahesabiwa wapi. Miongozo ya shirikisho haihesabu hukumu zilizofutwa rekodi, lakini huhesabu zile zilizosamehewa kwa sababu isiyohusu kutokuwa na hatia. Msamaha wa Rais Biden wa tarehe 6 Oktoba 2022 kwa waliopatikana na bangi ulihusu makosa ya shirikisho na ya Washington, D.C. pekee, wala haukufuta rekodi. Kadhalika, mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia California ilisema mwaka 2016 kwamba kosa lililoshushwa chini ya Pendekezo la 47 bado lilikuwa kosa kubwa siku lilipohukumiwa. Kwa upande wa uhamiaji, tazama swali la mwisho.

## Mambo yanayowahusu zaidi waliotoka nje

Nilihukumiwa Kenya au Tanzania kabla ya kuja. Hukumu hiyo inahesabika?

Katika kifungu cha 844 haihesabiki, kwa kuwa kinataja hukumu za majimbo na za shirikisho tu. Miongozo nayo haiipi alama, ingawa jaji anaweza kuizingatia. Lakini kwa kile kikomo cha miaka 20 kinachopanda hadi 30, tafsiri ya kosa kubwa la dawa inataja waziwazi sheria za nchi za kigeni. Hukumu ya Mombasa au Dar es Salaam kwa kosa la dawa lenye adhabu inayozidi mwaka 1 inaweza kutumika huko.

Miraa je? Nyumbani Kenya ni halali.

Marekani si halali, na Tanzania vilevile. Mmea wenyewe haukutajwa kwa jina katika orodha ya dawa ya shirikisho, lakini kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi iko daraja la kwanza, pamoja na heroini. Majani yakikauka, kathinoni hupungua na kubaki kathini, ambayo iko daraja la nne. Kile kitita kilichofungwa kwa majani ya mgomba ili kisinyauke ndicho kinachoihifadhi kathinoni. Hata hivyo, upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kwamba mshtakiwa alijua amebeba kitu kinachodhibitiwa, na hoja hii imebishaniwa sana katika kesi za miraa. Akitiwa hatiani, hukumu hiyo ni ya dawa kama nyingine, na itahesabika kesi ikirudi.

Mimi si raia. Hukumu ya pili inaniletea nini?

Kwa asiye raia, hata ya kwanza inaweza kutosha. Sheria ya uhamiaji inaruhusu kumfukuza nchini mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa lolote la dawa zinazodhibitiwa na shirikisho, isipokuwa tukio moja la bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Akipatikana tena, nafuu hiyo imekwisha, na miraa haikuwamo tangu mwanzo. Mpango wa kukiri kisha hukumu kuahirishwa, ambao mahakama ya jimbo inaweza kuuita “hakuna hukumu”, kwa maofisa wa uhamiaji ni hukumu.

Swali zito zaidi ni kama kosa la pili linakuwa katika kundi la makosa yanayomnyima mtu karibu kila njia ya kuomba abaki. Mwaka 2010, katika kesi ya Carachuri-Rosendo, mkazi halali wa Texas aliyehukumiwa kwa bangi, kisha kwa kidonge kimoja cha Xanax, dawa ya kutuliza wasiwasi, aliambiwa kwamba amefika huko. Mahakama ya Juu ilikataa: kosa la pili haliingii katika kundi hilo isipokuwa kama ametiwa hatiani kwa msingi wa kuwa na hukumu ya kwanza. Maana yake ni kwamba kukubali ile taarifa ya hukumu ya zamani mahakamani kunaweza kumgharimu asiye raia kuliko siku za kifungo chenyewe. Mwaka huohuo, katika kesi ya Padilla, Mahakama ilisema wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Mwambie wakili hali yako ya uhamiaji katika kikao cha kwanza, hata kama hajauliza, na umtake akujibu kwa maandishi.